Usiulize ni protini gani, uliza iko na nani

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita huku Mtwara, Masasi na Nachingwea, mnaosubiri kwenda Mlimani, SUA au Dodoma kusoma baiolojia ya molekuli, naomba mniazime muda kidogo.

Kwamba seli, ikishanakili jeni kuwa RNA, hukata introni (vipande vinavyotupwa) na kuunga eksoni (vipande vinavyobaki) kunajulikana tangu 1977. Wanasayansi Sharp na Roberts walipewa Nobel kwa hilo mwaka 1993. Kwamba eksoni nyingine huweza kurukwa, jeni moja ikazaa protini tofauti, hilo nalo mtalishika upesi. Kinachowakwamisha vijana ninaowafundisha ni swali la tatu: nani anaamua eksoni ibaki au irukwe? Wengi hutaja protini moja na kuweka nukta, wakati ni protini kadhaa zinazoshirikiana.

Chukueni kalamu. Protini nyingi zinazoshika RNA hutambua vipande vifupi sana. RNA huandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na U, kwa hiyo kipande chenye urefu wa herufi 4, kwa bahati tu, hujitokeza kwa wastani mara moja katika kila herufi 256. Introni nyingi za binadamu zina maelfu ya herufi, basi protini ikitegemea kipande hicho pekee itatua ovyo. Sasa wekeni vipande viwili kwa umbali maalumu, na protini mbili zinazogusana: mara moja katika kila herufi 65,536! Tena moja ikiachia, mwenzake bado ameshika, nayo hurudi upesi. Rudieni hesabu hii mpaka iwakae.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni jeni ya doublesex ya nzi wa matunda. Mwanzo wa eksoni ya 4 una alama dhaifu ya kukatia, kwa hiyo mitambo ya seli huipita. Lakini ndani yake mna vipande 6 vinavyokaribia kufanana, kila kimoja herufi 13. Kwa jike, protini tatu, Tra, Tra2 na RBP1, hujikusanya hapo, huita mitambo, eksoni inabaki. Dume anazo Tra2 na RBP1, ila hana Tra inayofanya kazi. Zile mbili peke yake hazishiki imara, eksoni inarukwa, na mwili unafuata njia ya kiume.

Kwa hiyo mkifika maabara, pimeni kila protini inavyoshika RNA peke yake, kisha pamoja, kwa viwango vilevile. Haribuni kipande cha RNA kinachoshikwa na moja mwone kama na mwenzake anaporomoka. Na glavu msivue: ngozi yetu ina vimeng'enya vinavyokula RNA.

Kabla vyuo havijafunguliwa, tafuteni kwenye Ensembl, hifadhi ya jeni ya mtandaoni ambayo ni bure, eksoni ya 7 ya SMN1 na ya SMN2, jeni mbili za binadamu zinazokaribia kufanana. Ni herufi 54, zinaenea ukurasa mmoja wa daftari. Herufi ya 6 ni C kwa SMN1 na T kwa SMN2, na kwa tofauti hiyo SMN2 huiruka eksoni mara nyingi. Andikeni mifuatano yote miwili kwa mkono, mmoja chini ya mwingine, kisha pigeni mstari chini ya herufi zinazoizunguka ile ya 6: nani alikuwa anashika hapo, na nani sasa amepata nafasi?