Baada ya kuwekewa lenzi ndani ya jicho: matatizo ya kuyafahamu mapema

Watu wanaotaka kuwekewa lenzi ndani ya jicho ili waachane na miwani huniuliza zaidi kama upasuaji unauma, ilhali upasuaji wenyewe ni mfupi na haukunisumbua. Nilikuwa nikivaa miwani ya -9, yaani ya kutoona mbali sana, na konea zangu, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, zilikuwa nyembamba kiasi kwamba upasuaji wa leza haukufaa, hivyo nikafanyiwa upasuaji huo nchini India kabla ya kurejea Dar es Salaam.

Lenzi hiyo hukaa nyuma ya airisi, ile sehemu ya jicho yenye rangi, na mbele ya lenzi ya asili, ambayo haitolewi. Matatizo mengi hutokana na nafasi iliyobaki kati ya lenzi hizo mbili, ambayo madaktari wengi hupenda iwe takribani mikromita 250 hadi 750, yaani robo hadi robo tatu ya milimita. Nafasi ikiwa finyu mno, lenzi ya asili inaweza kupata mtoto wa jicho. Ikiwa kubwa mno, airisi husukumwa mbele, njia ya kutolea maji ya ndani ya jicho (si machozi) ikabanwa na presha ya jicho ikapanda. Lenzi za sasa zina kitundu katikati cha kupitishia maji hayo, nacho kimepunguza hatari hizo bila kuziondoa kabisa.

Usiku wa kwanza nilipata maumivu makali juu ya jicho la kushoto, pamoja na kichefuchefu na ukungu. Nilipiga simu, nikaitwa mara moja, na ikaonekana kwamba mabaki ya jeli inayotumika wakati wa upasuaji yalikuwa yamepandisha presha. Daktari alipunguza kidogo maji ya ndani ya jicho, maumivu yakatulia. Dalili za namna hiyo si za kumeza panadol na kusubiri kupambazuke. Presha inaweza kupanda tena wiki kadhaa baadaye kwa sababu ya matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe baada ya upasuaji, safari hii bila maumivu yoyote, kwa hiyo ni kipimo pekee kitakachoigundua.

Miduara ya mwanga kuzunguka taa za magari ilipungua kwa miezi, ingawa mpaka leo sipendi kuendesha usiku kwenye barabara ya Morogoro mvua inaponyesha. Mwenye lenzi ya kurekebisha astigmatizimu, yaani mpindo usio sawa wa jicho unaopotosha taswira, akiona ukungu wa ghafla, huenda lenzi imezunguka, na kwa kawaida inaweza kurudishwa mahali pake. Jicho likiwa jekundu, likiuma na uoni ukipungua, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani maambukizi ya ndani ni nadra lakini huharibu haraka.

Jambo linalosahaulika ni kwamba jicho refu, ambalo ndilo husababisha kutoona mbali, hubaki refu hata baada ya upasuaji, na hatari ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kubanduka iko palepale. Vimulimuli, vidoa vingi vya ghafla au kivuli kinachofunika upande mmoja ni dharura, hata kama unasoma vibao vya mbali bila shida. Seli za ndani ya konea nazo hazioti upya zikipotea, hivyo zihesabiwe kila mwaka.

Anayesafiri kwa upasuaji huu atafute kwanza, kabla ya kukata tiketi, kliniki ya nyumbani yenye vifaa vya kupima nafasi ya lenzi na kuhesabu seli hizo. Aombe pia kwa maandishi aina ya lenzi, nguvu yake, ukubwa wake na vipimo vya kabla ya upasuaji, maana lenzi ikihitaji kubadilishwa, daktari mpya ataanzia hapo.