Maswali na majibu: Je, huruma inatosha kwa anayetaka kuwarudisha watu kazini?

Shikamoo. Nimemaliza sekondari na nataka kusomea tiba kazi, nije kuwasaidia watu waliopata ulemavu warudi kazini. Nina huruma nyingi. Je, inatosha?

Marahaba. Huruma ni mwanzo mzuri, ila wanaodumu kwenye fani hii, kwa maoni yangu, ni wale wanaotaka kujua kazi za watu zinafanyikaje. Chukua fundi cherehani aliyepata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. "Pole" peke yake haimshonei hata pindo. Mtaalamu hukaa naye kwenye cherehani na kuuliza: unaanzia wapi? Kukata, kubana kwa pini, kutunga uzi, kukanyaga pedali, kupiga pasi. Kila hatua inapimwa: hii anaimudu, hii inamchosha baada ya robo saa, hii haiwezekani kwa sasa. Mkasi wenye springi hujifungua wenyewe, kwa hiyo kiganja dhaifu kinabaki na kubana tu. Kitambaa kikiwekewa kitu kizito juu ya meza, hakihitaji mkono wa pili wa kukishika. Kisha muda: aanze na saa mbili kwa siku, mishono iliyonyooka, suti zisubiri. Ukisoma haya ukatamani kujua na ya seremala na ya dereva, basi njoo, tunakuhitaji.

Kazi hii ina tofauti gani na fiziotherapia?

Zinashirikiana. Fiziotherapia hushughulikia zaidi mwendo na nguvu za mwili. Utengamao wa kikazi, yaani kazi hii ya kuwarudisha watu kazini, unauliza mtu huyu, kwa mwili na akili alizonazo leo, atafanya kazi gani, wapi, na kwa marekebisho gani. Ndiyo maana sehemu kubwa yake iko nje ya hospitali, karakana na ofisini, mbele ya mwajiri.

Natumia kiti cha magurudumu. Ndugu zangu wanasema wagonjwa hawataniamini. Niache?

Usiache. George Edward Barton, mmoja wa waanzilishi wa tiba kazi huko Marekani, alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na baadaye akapooza upande wa kushoto. Chama cha kitaifa cha fani hiyo kiliundwa nyumbani kwake mwaka 1917. Wewe kiulize chuo mapema mambo ya vitendo: ngazi, vyumba vya mazoezi, mafunzo ya kumwinua mgonjwa. Kumwinua mtu kuna mbinu zake, kuna vifaa, na kuna wenzako. Ndugu zako wataelewa watakapokuona kazini.

Niko upande wa afya ya akili. Tunawafundisha watu stadi miezi na miezi, halafu hakuna anayewaajiri. Nimevunjika moyo kabisa.

Pole sana. Kabla hujajilaumu, utazame utaratibu mnaoufuata. Kwa miaka mingi ilikuwa mafunzo kwanza, ajira baadaye, na wengi waliishia kwenye mafunzo. Miaka ya 1990 huko New Hampshire, Marekani, Deborah Becker na Robert Drake walijenga njia iliyogeuza mpangilio huo. Mtu mwenye ugonjwa mzito wa akili anayetaka kazi hutafutiwa mapema kazi halisi yenye mshahara, aliyoichagua mwenyewe, kisha anasaidiwa akiwa tayari kazini, kwa muda wote anaohitaji. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watu wengi zaidi hupata ajira hivyo kuliko kwa kuanzia darasani.

Kwa hiyo toka nje. Nenda kwa waajiri, ujue wanasumbuliwa na nini, na urudi tena hata kama leo hawana nafasi. Ugonjwa wa mteja usiutaje bila ruhusa yake. Uamuzi huo ni wake.

Wapo watakaokataa kwa chuki tu, na hilo linaumiza. Hapo jua sheria. Mkataba Na. 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, unaitaka nchi iliyouridhia iwe na sera ya utengamao wa kikazi na ajira kwa watu wenye ulemavu, na Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, inatambua haki yao ya kufanya kazi. Angalia nchi yako imeridhia ipi na sheria zake zinasemaje kuhusu marekebisho mahali pa kazi. Na kesi ngumu usizibebe peke yako. Mtafute aliyekutangulia kazini mzungumze.

Chuo kinataka barua ya kueleza sababu zangu. Niandike nini?

"Tangu utotoni napenda kusaidia watu" iache. Wanaopitia maombi wameshaisoma mno. Mweleze mtu mmoja uliyemwona akishindwa na kazi aliyoizoea, bila kumtaja jina: ni hatua gani hasa ilimshinda, na wewe ulitaka kujua nini. Kama hujawahi kumwona, omba kushinda siku moja kwenye kitengo cha tiba kazi kabla hujashika kalamu. Ukurasa mmoja unatosha.