Jibu: Nyotamkia bila mkia kutoka Capri Point, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria
Ndugu, umeuliza kwa nini nyotamkia uliyoitafuta upande wa magharibi baada ya Jua kutua ilionekana doa la ukungu tu, bila mkia. Tatizo kubwa ni taa za wavuvi wa dagaa: hutoka usiku usio na mbalamwezi, uleule unaoutaka wewe. Zikinge kwa ukingo wa jiwe, zima simu, subiri dakika 20 macho yazoee giza. Darubini ya macho mawili ya 10x50 (hukuza mara 10, lenzi za mbele zina kipenyo cha mm 50) inatosha. Egemeza viwiko jiweni. Usilikazie doa macho, tazama pembeni yake kidogo. Mkia hulikimbia Jua, hivyo jioni utafute juu ya doa. Tena, mkia hutokana na barafu ya nyotamkia kufuka, na barafu ya maji huanza kufuka kwa nguvu nyotamkia ikilikaribia Jua hadi takriban mara 3 ya umbali wa Dunia na Jua. Ikiwa mbali zaidi, mkia huwa hafifu mno.