Meza ya DJ nyumbani: kimo, mbao na sindano inayorukaruka

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaopigia muziki chumbani au sebuleni, na wengi wamechoka kupanga vyombo juu ya meza iliyotengenezwa kwa kazi nyingine. Nimeyajibu yale yanayojirudia zaidi.

Fundi, shikamoo. Nina kontrola (kifaa cha kuchanganyia muziki ulio kwenye kompyuta), naiweka kwenye meza ya chakula. Nikipiga saa moja tu, mgongo unauma. Meza iwe na kimo gani? – Msomaji, Tabata

Marahaba. Meza ya chakula ina kimo cha sentimita 75 hivi, kwa kuwa inamngoja mtu aliyeketi. Wewe unasimama, ndiyo maana unainama. Vaa viatu unavyovaa ukiwa kazini, kunja mkono, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Toa sentimita 5 ili mikono iteremke kidogo, halafu toa unene wa chombo chenyewe. Hiki cha mwisho ndicho mafundi wengi hukisahau. Tuseme kiwiko chako kiko sentimita 106. Kwa kontrola kama DDJ-FLX4, yenye unene wa karibu sentimita 6, uso wa meza utakaa kwenye 95. Ukitumia CDJ-3000, kichezeo cha muziki cha DJ ambacho unene wake unakaribia 12, utashuka hadi 89. Kwa hiyo usinakili meza ya rafiki yako hata kama mna vyombo vilevile. Viwiko vyenu si sawa.

Nina mashine mbili za santuri aina ya Technics SL-1200 na miksa moja (chombo cha kuchanganya sauti) katikati. Shiti moja ya plaiwudi itatosha? – Msomaji, Morogoro

Inatosha, tena vizuri. Kila Technics ina upana wa sentimita 45, na miksa ya ukubwa wa DJM-900NXS2 ina 33. Jumla ni kama 124, kwa hiyo meza ya sentimita 150 itakuachia nafasi ya kuweka jalada la santuri pembeni. Kina kiwe karibu 60. Usikibane, kwa sababu nyaya zinahitaji sentimita 10 hadi 15 nyuma ya vyombo.

Shiti ya kawaida ni sentimita 244 kwa 122. Mwambie fundi aipasue katikati kwa urefu, upate vipande viwili vya karibu 60 (msumeno utakula kidogo). Kila kipande ukikate kwenye 150. Vile viwili virefu vipake gundi ya mbao, uvibane kwa majiliwa na kuvilaza usiku kucha: ikiwa plaiwudi ni ya milimita 18, unapata uso wa milimita 36 usiopinda. Mabaki mawili ya sentimita 94 ndiyo miguu ya pembeni, utayapunguza kulingana na kimo chako. Nyuma, kati ya miguu, funga ubao mpana. Bila ubao huo meza itayumba kushoto na kulia, hata ukijaza skrubu kila kona.

Nikifungua besi, spika zinaanza kuvuma zenyewe, na mtu akipita sindano inaruka. Mashine ni mbovu? – Msomaji, Mwanza

Kwa dalili hizo, mimi ningeanza kuishuku meza. Kazi ya sindano ni kusoma mitikisiko midogo mno, na haiwezi kutofautisha mtikisiko wa santuri na ule unaopanda kutoka mezani. Besi inatoka kwenye spika, inaitikisa meza, sindano inauchukua mtikisiko huo, miksa inaukuza, spika inautoa tena kwa nguvu zaidi. Mzunguko huo ndio mvumo unaousikia.

La kwanza, ondoa spika juu ya meza, leo hii. Zipe stendi zake, mbali na meza. Hakuna unachoweza kununua kitakachokusaidia kuliko hilo. La pili, ongeza uzito. Rafu ya chini ikibeba santuri, meza inatulia: santuri moja na jalada lake ni gramu 200 hadi 300, kwa hiyo mia moja ni zaidi ya kilo 20. La tatu ni kuitenganisha mashine na meza. Weka bamba la zege chini yake, na chini ya bamba hilo mipira ya tenisi iliyokatwa nusu. Na tafadhali, usiweke magurudumu.

Huku kwetu unyevu ni mwingi. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, itadumu? – Msomaji, Tanga

Ikiachwa wazi, haitadumu. Huvimba kuanzia kwenye kingo zilizokatwa. Mimi ningechukua plaiwudi ya marini, ile yenye gundi inayostahimili maji, nipige msasa, kisha vanishi pande zote, chini pia. Mninga ni mzuri na mzito, lakini bei yake si ya kila mfuko.

Mimi ni mpangaji, ghorofa ya nne, ngazi nyembamba. Nifanyeje? – Msomaji, Nairobi

Usigandishe miguu kwenye uso wa meza. Tumia bolti na nati, ubebe vipande vipande. Pima mlango kabla ya kukata.

Ndugu yangu amenitumia mashine ya santuri kutoka Japani. Niiunganishe tu kwenye ekstensheni ya mezani? – Msomaji, Arusha

Subiri kwanza! Soma kibandiko cha nyuma. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Iliyoandikwa 100 peke yake itaungua. Tafuta transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye mashine, uifunge kwenye rafu ya chini, mbali na sindano na miksa, kwa sababu nayo huleta mvumo. Kisha chukua ule waya mwembamba wa ethi unaotoka kwenye mashine, uubane kwenye skrubu ya ethi, iliyoandikwa GND, nyuma ya miksa. Nyaya za umeme zipite upande mmoja wa meza, za sauti upande mwingine; zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba, zisilale sambamba.