Maswali Yenu: Mavazi ya Walatvia Ughaibuni

Jirani yangu hapa Toronto ni Mlatvia. Kila Juni, joto lote hili, anavaa sketi nzito ya sufu na shali begani. Ana nini?

Anasherehekea Jāņi, sikukuu ya Walatvia ya katikati ya kiangazi, usiku wa Juni 23 kuamkia 24. Vazi hilo lilikuwa nguo ya kutokea ya wakulima wa karne ya 19, wafugaji wa kondoo katika nchi ya baridi. Jua la Toronto halikuwa kwenye hesabu zao.

Ni vazi moja la taifa zima?

Hapana, na ukimwambia hivyo atakusahihisha. Mikoa ya Kurzeme, Vidzeme, Zemgale na Latgale kila mmoja una lake, na hata ndani ya mkoa mmoja vijiji hutofautiana. Sketi nyekundu iliyokolea ni ya Nīca, pwani ya kusini-magharibi. Mkanda mwekundu na mweupe uliojaa nakshi ni wa mji wa Lielvārde. Shali hubanwa kifuani kwa bruchi ya fedha iitwayo sakta. Kichwani ndiko kwenye habari zaidi: mwali huvaa taji, mke wa mtu hufunika nywele. Usiku wa harusi, saa sita, bibi harusi huvuliwa taji na kufungwa kitambaa.

Wamefikaje ughaibuni na nguo hizo?

Mwaka 1944 jeshi la Kisovieti liliporudi Latvia, zaidi ya watu laki moja walikimbia, wengi wakaishia kambi za wakimbizi Ujerumani. Humo walifuma na kushona kwa walichopata, na mwaka 1947 wakafanya tamasha la nyimbo Esslingen. Kisha wakatawanyika Marekani, Canada, Australia na Uingereza. Mwaka 1953 Chicago na Toronto zikawa na matamasha yao. Hadi 1991 nchi yao ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, kwa hiyo bibi aliyekaripia mjukuu kwa kuchanganya mkanda wa wilaya moja na sketi ya nyingine hakuwa akigombania mitindo tu. Vijana waliozaliwa ughaibuni huona ukali huo umepitiliza. Mimi niko upande wa bibi.

Nimealikwa Jāņi. Nami nivae?

Nguo ya kawaida yatosha. Utavishwa shada: wanawake la maua, wanaume la majani ya mwaloni. Taji la mwali usiliguse kama umeolewa, wazee watanong'ona.