Dakika 15 za miguu ya nani?

Nimeishi katika makazi ya namna mbili zinazopingana: kwanza katika mtaa wa pembezoni ambako hata kwenda kununua chumvi kulihitaji gari, kisha katika mtaa ambao duka, zahanati, shule na kituo cha basi vinafikika kwa mwendo mfupi wa miguu. Kwa sababu hiyo, watu wanaotafuta nyumba huniuliza mara kwa mara iwapo ule mji wa dakika 15 unaobishaniwa sana, yaani mji ambao mahitaji ya kila siku yako ndani ya dakika 15 za kutembea kutoka nyumbani, ni jambo la manufaa au ni mbinu ya kuwafungia watu mitaani mwao. Mimi huwajibu kwamba wazo lenyewe ni jema, ila dakika hazina maana mpaka ujue ni za miguu ya nani, katika njia ipi na saa ngapi. Ushauri ninaoutoa hapa unatokana na kuishi pande zote mbili, wala hautokani na kushabikia upande wowote.

Jina la mji wa dakika 15 lilianza kusambazwa mwaka 2016 na Carlos Moreno, profesa wa Paris mwenye asili ya Kolombia, na likapata umaarufu mkubwa mwaka 2020 wakati meya wa Paris, Anne Hidalgo, alipoliweka katika kampeni yake ya kuchaguliwa tena. Moreno alitaja mahitaji sita yanayopaswa kuwa karibu na mkazi: makazi, kazi, ununuzi, afya, elimu na burudani. Wazo hilo halikuwa geni. Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alikwisha kueleza mtaa wenye shule ya msingi katikati, ambamo mtoto angefika darasani bila kuvuka barabara kuu. Lakini karne hiyo hiyo ilienda upande mwingine, kwani sheria za kutenga maeneo, zilizopata nguvu Marekani baada ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo kuziidhinisha mwaka 1926 katika kesi ya kijiji cha Euclid, ziliweka nyumba huku, maduka kule na viwanda mbali zaidi, na gari likawa ndilo linaloviunganisha. Nayataja haya kwa sababu wengi wanaosema kwamba umbali uliopo ni matokeo ya watu kujichagulia husahau kwamba katika maeneo mengi kufungua duka dogo kati ya nyumba ni jambo lililokatazwa kisheria.

Ukiambiwa kwamba nyumba unayoitaka iko ndani ya dakika 15 za kila kitu, usiridhike na duara lililochorwa kwenye ramani. Mtu mzima mwenye afya hutembea takriban kilomita 5 kwa saa, hivyo dakika 15 humfikisha kama kilomita 1.25, lakini hesabu hiyo ni ya mstari ulionyooka, na hakuna anayetembea kwa mstari ulionyooka. Mitaa isiyopenya, ukuta mrefu wa kiwanda, reli au barabara kuu isiyo na kivuko vinaweza kuifanya nyumba inayoonekana jirani na zahanati iwe na safari mara mbili ya ile iliyokadiriwa. Itembee njia yenyewe kabla ya kusaini mkataba, na uitembee ukiwa na mzigo utakaokuwa nao maishani: mfuko wa vitu vya nyumbani, kigari cha mtoto, au mtoto mwenyewe anayetaka kubebwa.

Jambo hili nililielewa vizuri zaidi mama yangu alipokuja kuishi nasi. Njia niliyokuwa nikiipita bila kuifikiria iligeuka kuwa safari kwake, na kikwazo hakikuwa urefu wake. Hapakuwa na mahali pa kuketi apumzike, kingo za njia ya waenda kwa miguu zilikuwa juu mno kwa magoti yake, na taa ya kivuko iligeuka nyekundu angali katikati ya barabara. Katika nchi nyingi muda wa taa hizo hukadiriwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, maana yake barabara ya upana wa mita 12 hupewa sekunde 10. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji sekunde 15, na hizo tano zinazopungua ndizo zinazomfanya aamue kubaki nyumbani. Tangu hapo, mtu akiniuliza kuhusu mtaa fulani, mimi humuuliza ni nani aliye dhaifu kuliko wote katika nyumba yake, kisha namshauri aupime mtaa kwa miguu ya huyo. Benchi mbili na sekunde chache za taa zinaweza kuuongeza ukaribu kuliko duka jipya.

Rudi tena usiku. Njia inayopendeza saa nne asubuhi inaweza kuwa haipitiki saa mbili usiku kwa msichana anayetoka masomoni, na kama yeye hawezi kuipita, basi kwake kituo cha basi hakiko karibu. Angalia pia saa za kufunguliwa, maana zahanati inayofungwa kabla watu hawajatoka kazini na shule isiyo na nafasi huonekana vizuri sana kwenye ramani.

Ipo hoja moja ambayo watetezi wa mitaa ya kutembea huikwepa, nami naona ndiyo kiini cha mambo: duka la jirani haliishi kwa kupendwa, huishi kwa wateja. Ili duka, duka la dawa na kinyozi viweze kulipa kodi ya pango, lazima wawepo watu wa kutosha wanaoweza kuvifikia kwa miguu, na watu hao hawawezi kupatikana mahali ambapo kila nyumba imezungukwa na uwanja mpana na kila jengo limelazimishwa kutenga maegesho mengi. Katika mtaa wangu wa kwanza majirani wengi walitamani duka la karibu, na hao hao walipinga kila pendekezo la kujenga nyumba za ghorofa. Sikuwahi kuona tamaa hizo mbili zikipatana. Masharti ya maegesho ni mfano mzuri wa kanuni isiyoonekana inayosukuma vitu mbali, kwa kuwa eneo ambalo lingekuwa duka au nyumba hufunikwa lami inayokaa tupu kwa sehemu kubwa ya siku. Buffalo, Marekani, iliyaondoa masharti hayo mwaka 2017, na Minneapolis ikafuata mwaka 2021. Maegesho hayakupigwa marufuku, ila mjenzi aliachiwa aamue mwenyewe kiasi kinachohitajika. Kwa hiyo kama unataka huduma zikusogelee, fuatilia kanuni za ujenzi kabla ya kuomba duka, na uwe tayari kukubali majirani wengi zaidi. Ukiwa huwezi kuwakubali, mtaa wa namna hii haukufai, na hakuna aibu kulisema hilo.

Kuhusu kazi, naona ahadi ya mji wa dakika 15 imevutwa kupita uwezo wake. Mwanauchumi Edward Glaeser ameikosoa kwa kusema kwamba mji una thamani kwa sababu unawakutanisha watu wa sehemu zake zote, na kwamba kuugawa katika vipande kunaweza kuwaacha maskini katika kipande chenye nafasi chache. Sikubaliani naye kwamba ukaribu ni lazima ulete mgawanyiko, lakini kuhusu ajira ana haki. Hospitali ya rufaa, chuo kikuu na kazi ya utaalamu haviwezi kuwekwa katika kila mtaa, na katika nyumba yenye watu wawili wenye ajira ni bahati tupu wote wakifanya kazi jirani. Mimi mwenyewe nafanya kazi mbali. Ningelazimishwa kuchagua huduma moja tu ya kuwa nayo karibu, ningechagua kituo cha basi linalopita mara kwa mara mchana na jioni, kwa sababu hicho ndicho kinachonipa mji uliobaki. Tafuta nyumba kwa kuanzia hapo, kisha hesabu mengine.

Sasa nije kwenye hofu ya kufungiwa, ambayo haifai kuchekwa wala kumezwa yote. Ilishika moto Oxford, Uingereza, na maandamano makubwa yakafanyika huko Februari 2023. Chanzo kilikuwa mipango miwili iliyochanganywa. Halmashauri ya jiji ilikuwa imeandika katika mpango wake wa maendeleo kwamba inataka huduma ziwe karibu na wakazi. Halmashauri ya kaunti nayo, mnamo Novemba 2022, iliidhinisha vizuizi sita vinavyosimamiwa kwa kamera ili kupunguza magari binafsi katika barabara fulani kwa saa fulani, huku wakazi wakiweza kuomba kibali cha kupita kwa siku 100 kwa mwaka, na kila mtu akibaki huru kwenda popote kwa kuzunguka kupitia barabara ya nje. Uvumi uliiunganisha mipango hiyo ukasema watu watakatazwa kutoka mitaani mwao. Hilo halikuwemo katika mpango wowote. Hata hivyo, fundi anayebeba vifaa vyake kwenye gari, au muuguzi anayetoka zamu usiku wa manane, alikuwa na swali halali ambalo kelele za uvumi zililifunika: nani atalipa gharama ya kuzunguka?

Basi mpango wa aina hii ukifika kwenu, yatenge mambo hayo mawili na uyaulize kila moja peke yake. Kwanza, ni nini kinaletwa karibu, lini, na kwa fedha zipi? Pili, ni nini kinafungwa, kwa nani, saa ngapi, na nani ameondolewa katika katazo hilo? Mimi huangalia zaidi mpangilio wa utekelezaji: kama basi na njia nzuri ya miguu vitatangulia, ninaunga mkono, kama kizuizi kinatangulia na basi limeahidiwa baadaye, ninapinga. Pontevedra, mji mdogo wa Uhispania ulioanza kuondoa magari katikati yake mwaka 1999, hutajwa mara nyingi kama mfano, lakini wanaoutaja husahau kwamba wakazi wenye maegesho yao ndani ya eneo hilo, wanaoshusha mizigo na magari ya dharura huruhusiwa kuingia. Mji huo pia ulitoa ramani iliyochorwa kama ya reli ya chini ya ardhi, inayoonyesha dakika za kutembea kati ya sehemu na sehemu, ili mtu aamue mwenyewe kama safari yake inahitaji gari.

Limebaki suala la kodi ya nyumba, na hapa nasema kama mpangaji. Mitaa inayotembeka hutafutwa na wengi, nayo ni michache, hivyo bei zake hupanda. Mtaa wangu ulipopata njia mpya za miguu na miti, haikuchukua muda mwenye nyumba akaongeza kodi. Usilinganishe kodi kwa kodi. Jumlisha kodi na gharama zote za usafiri za kila mwezi kwa nyumba zote mbili unazozifikiria, pamoja na matengenezo ya gari kama unalo, ndipo uamue. Mara nyingine nyumba ya karibu hushinda kwa sababu inakuwezesha kuliuza gari la pili, na mara nyingine ile ya mbali iliyo kando ya njia nzuri ya basi ndiyo yenye nafuu. Ukiichagua ya karibu, omba mkataba mrefu kadiri mwenye nyumba atakavyokubali, na hakikisha kiwango cha kupandisha kodi kimeandikwa ndani yake kabla kazi za barabara hazijaanza.