Jibu: Rangi ya kahawia haithibitishi kwamba koloidi ndiyo kichocheo

Mkuu, unaunganisha silani (kampaundi yenye kifungo cha silikoni na hidrojeni) na olefini (kampaundi yenye kifungo maradufu cha kaboni) kwa kichocheo cha platini, na unauliza kama ile rangi ya kahawia kwenye chupa, na mmenyuko kusimama ulipotia zebaki, vinathibitisha kwamba koloidi, yaani chembe ndogo sana za platini zilizoelea kwenye myeyusho, ndiyo inayofanya kazi. Havithibitishi.

Zebaki inapendwa kwa sababu ni kipimo rahisi: hunasa chembe za metali na kuzizima, kwa hiyo mmenyuko ukisimama watu husema chembe ndizo zilizokuwa zikifanya kazi. Lakini platini ya kichocheo cha Karstedt (kampaundi ya platini iliyoyeyuka, inayotumika sana kwa mmenyuko huu) tayari ina namba ya oksidishaji sifuri, kama platini ya kwenye chembe, na zebaki inaweza kuishambulia hata ikiwa atomu mojamoja ndani ya myeyusho. Mmenyuko ukisimama, bado hujui umeua nini.

Kuhusu rangi, tazama inatokea lini. Mara nyingi hujitokeza olefini ikikaribia kwisha, kazi kubwa ikiwa imeshafanyika. Mwanakemia Larry Lewis ndiye aliyetetea koloidi mwaka 1986. Mwaka 1999 yeye na wenzake walipima ufyonzaji wa eksirei mmenyuko ukiendelea, wakakuta kinachofanya kazi ni atomu moja ya platini iliyozungukwa na silikoni na kaboni. Vifungo vya platini kwa platini vilionekana mwishoni, silani ilipozidi; olefini ilipozidi, platini ilibaki mojamoja. (Wachache hukubali kujipinga hivyo hadharani!)

Mimi ningechora kasi na rangi kwenye grafu moja. Kisha chukua ule mchanganyiko wa kahawia, ongeza olefini na silani mpya, ulinganishe kasi yake na ya Karstedt mbichi yenye platini kiasi kilekile. Ikizorota, kahawia ni masalia tu. Ikienda vizuri, usishangilie bado: koloidi inaweza kurudi kuyeyuka, na kazi ikafanywa na platini mojamoja.